Kabla hujakubali kwamba kadi ya sauti imeungua

Wiki jana nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kasarani, Nairobi, ambaye kazi yake ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. "Kaka, naomba unisaidie. Laptopu imekuwa bubu tangu niisasishe. Fundi anasema kadi ya sauti imeungua, anataka pesa ya bodi. Mteja anangoja kazi yake." Anatumia Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Kwenye mipangilio ya sauti, mahali panapokaa jina la spika, palikuwa na maneno mawili tu: Dummy Output, yaani spika ya bandia, mfumo haujaona ya kweli.

Ujumbe huo ulinichoma. Maneno ya huyo fundi nayajua, kwa sababu niliwahi kuambiwa hayo hayo, na nikalipia kuambiwa. Kwa hiyo nikaahirisha kazi zangu, tukakaa kwenye simu, na kabla ya usiku wa manane spika zake zilikuwa zinalia. Hakununua hata skrubu. Nitaeleza tulichofanya, lakini kwanza nieleze nilikojifunzia.

Nilikuwa nimenunua laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, katikati ya jiji, nyembamba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 10. Niliitaka kwa kuhariri sauti: matangazo ya biashara ndogo ndogo, mahubiri, kwaya. Nikaweka Debian 11, aina nyingine ya Linux, kwa sababu naamini mtu anayeanza kazi yake mwenyewe katika mji huu hapaswi kuanza kwa programu za wizi, na leseni za halali zilikuwa zinanishinda bei. Kila kitu kikakubali isipokuwa sauti. Kimya kabisa.

Nikaipeleka Luthuli Avenue kwa fundi niliyeelekezwa na rafiki. Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, akatikisa kichwa. "Kadi imeenda hii. Na hii Linux yako ni ya wanafunzi wa chuo, si ya mtu wa kazi." Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka. Nikalipa ada ya kuangaliwa, nikaifunga laptopu kwenye begi, nikapanda matatu kurudi nyumbani. Kicheko kile sijakisahau hadi leo. Hakuna aliyefungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, hakuna aliyeandika amri hata moja. Mashine ilihukumiwa bila kuulizwa chochote.

Usiku huo nikaiuliza mwenyewe. Amri ya kwanza ilikuwa `lspci -nnk`, ambayo hutaja vifaa vilivyomo ndani na draiva, yaani programu ya mfumo, inayohudumia kila kimoja. Kifaa cha sauti kilikuwa pale, kimejitaja: Intel, Audio. Kitu kilichokufa kwa umeme kwa kawaida hakijitambulishi namna hiyo. Na ujue kwamba kwenye laptopu za leo hakuna kadi unayoweza kuichomoa. Kuna kidhibiti kilichomo ndani ya chipu za Intel au AMD, na kuna kodeki, chipu ndogo kwenye bodi, mara nyingi ya Realtek, inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme yanayoendesha spika. Ndiyo maana fundi akisema kadi imeungua, anachokuuzia ni bodi nzima.

Nikaandika `aplay -l`. Jibu: hakuna kadi ya sauti iliyopatikana. Kifaa kipo, lakini mfumo haukioni. Kasoro basi iko katikati ya hapo, kwenye draiva. Nikaandika `sudo dmesg | grep -i -e snd -e sof`, nikakuta mstari ambao mpaka leo naukumbuka kwa moyo: Direct firmware load for intel/sof/sof-cml.ri failed with error -2.

Hiyo -2 ina maana moja tu: faili halipo. Si kwamba limeharibika, wala si kwamba chipu imekataa kulipokea. Halipo kwenye diski.

Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, hasa zenye maikrofoni za kidijitali juu ya skrini, huendesha sauti kupitia prosesa ndogo ya ndani inayohitaji programu dhibiti (firmware) yake yenyewe, inayopakiwa ndani ya chipu kila inapowaka. Programu hiyo ni Sound Open Firmware, mradi uliotangazwa mwaka 2018, na ndiyo maana herufi SOF zinatokea kwenye ujumbe wa hitilafu. Draiva ikiamka isipoikuta, inakata tamaa na kadi haitokei kabisa. Debian 11 haikuweka programu dhibiti zisizo huru kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia, ikiwemo hii. Ilibidi uongeze sehemu ya non-free kwenye orodha ya vyanzo vyako vya programu kisha uandike `sudo apt install firmware-sof-signed`. Watengenezaji wa Debian walipiga kura kuhusu jambo hilo mwaka 2022, na tangu Debian 12 ilipotoka Juni 2023 kisakinishi chenyewe hubeba programu dhibiti hizo. Kwenye Linux ya Fedora kifurushi kinaitwa alsa-sof-firmware, kwenye ya Arch sof-firmware.

Nikasakinisha kwa bando la simu, nikazima, nikawasha, nikaandika `speaker-test -c 2 -t wav`. Sauti ya mwanamke ikasema "Front Left" kutoka spika ya kushoto, kisha "Front Right" kutoka ya kulia. Nilisimama katikati ya chumba nikaicheza tena na tena. Mahubiri niliyoyahariri kwa mashine hiyo yalipigwa redioni, na sioni haya kusema kwamba najivunia hilo.

Sasa sikiliza, ndugu yangu unayetaka kuishi kwa kazi ya kompyuta. Mfereji wa nyumbani ukikauka hununui mfereji mpya. Unaangalia tangi, kisha mita, kisha unawauliza majirani. Sauti kwenye Linux nayo hupita hatua kwa hatua. Chini kabisa kuna chipu. Juu yake kuna ALSA, yaani draiva zilizomo ndani ya keneli, kiini cha mfumo, ambazo Jaroslav Kysela alianza kuziandika mwaka 1998 na zikawa mfumo rasmi wa sauti tangu keneli 2.6. Juu ya ALSA kuna seva ya sauti inayochanganya sauti za programu zote: zamani PulseAudio, siku hizi PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora ilianza kuitumia kama chaguo la kawaida mwaka 2021. Juu kabisa ndipo ilipo kivinjari chako au programu yako ya kuhariri. Ukijua ni hatua gani iliyonyamaza, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kwa hiyo uliza kutoka chini kwenda juu, na usiruke. `lspci -nnk` inakwambia kama chipu ipo na ina draiva. `aplay -l` inakwambia kama ALSA imeiona. `wpctl status` inakwambia kama PipeWire imeipokea. Ikiwa `aplay -l` inaiona kadi lakini dirisha la mipangilio bado linaonyesha Dummy Output, usiguse draiva hata kidogo, tatizo liko juu yake. Anza na `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`. Isiposaidia, `sudo fuser -v /dev/snd/*` itakuonyesha programu iliyoishikilia kadi na kukataa kuiachia.

Kwa yule dada, `lspci -nnk` ilionyesha kifaa cha sauti lakini mstari wa draiva inayotumika haukuwepo. `lsmod | grep snd` ikarudi tupu: hakuna moduli ya sauti, yaani kipande cha draiva, hata moja iliyopakiwa. Hapo nikamuuliza swali ambalo fundi hakumuuliza. Wakati wa kusasisha, kulitokea nini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Stima ilipotea." Na betri yake, kama betri za laptopu nyingi za ex-UK, haishiki chaji. Mashine ilizimika katikati ya usakinishaji.

Kwenye toleo lake la Ubuntu, draiva za sauti hazikai ndani ya kifurushi kikuu cha keneli. Zimo kwenye kifurushi cha pembeni kinachoitwa linux-modules-extra, chenye namba ya keneli yenyewe. Keneli mpya ilikuwa imeshaingia na mashine ilikuwa ikiwaka nayo, lakini kifurushi cha pembeni kilifunguliwa bila kukamilishwa. Tuliona kwa `dpkg -l | grep linux-modules-extra`: kifurushi kilichokamilika huanza na herufi ii, chake kilianza na iU. Akaandika `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, kisha kwa tahadhari `sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)`. Akawasha upya. Alinitumia ujumbe wa sauti anacheka na kulia pamoja, na nyuma yake mahojiano ya mteja yakisikika.

Pesa ya bodi! Kwa kifurushi kilichokatizwa na stima. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Katika mji huu kuna vijana wanaokula kwa kunukuu sauti, kwa kufundisha mtandaoni, kwa kuhariri video za harusi. Ukimwambia mmoja wao auze simu anunue bodi asiyoihitaji, umemnyang'anya kodi ya nyumba.

Visa vingine nitavipitia haraka. Kadi inaonekana, seva iko sawa, bado kimya: fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi halisi, na utazame chini ya kila mstari. MM maana yake imefungwa, bonyeza m uifungue, halafu `sudo alsactl store`. Kama hedifoni zinalia na spika hazilii, shuku tundu la hedifoni. Vumbi au uchakavu huifanya laptopu idhani kuna kitu kimechomekwa. Humo humo kwenye `alsamixer` kuna Auto-Mute Mode, iweke Disabled. Kanisani kwetu sauti ilikuwa ikipotelea kwenye waya wa HDMI wa projekta, na hicho ni cha kuchagua tu kwenye mipangilio. Milio midogo ya tap tap sauti inapoanza na kukoma kwa kawaida ni draiva inayoilaza chipu ili kuokoa betri. Mstari `options snd_hda_intel power_save=0` kwenye faili lolote la .conf ndani ya /etc/modprobe.d huinyamazisha. Na kama una Windows na Linux kwenye mashine moja, zima kabisa badala ya kuwasha upya unapohama, maana chipu inaweza kubaki katika hali ambayo draiva ya pili haiitambui.

Kama sauti ilikuwepo jana na leo haipo baada ya kusasisha, kuna njia fupi zaidi ya zote. Wakati wa kuwaka, kwenye GRUB, menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ingia Advanced options uchague keneli ya zamani. Sauti ikirudi, chipu ni nzima na mjadala wa bodi umekwisha. Mteja atapata kazi yake leo, na keneli mpya utaishughulikia kesho ukiwa umetulia.

Ninachokusihi usifanye ni kunakili amri usizozielewa kutoka kurasa za mwaka 2010. Nyingi ziliandikwa kwa chipu ambazo hunazo. Mtu anakwambia ung'oe PulseAudio, nawe unang'oa na nusu ya mazingira ya kazi. Mwingine, wa miaka ya karibuni, anakwambia uandike `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`. Kweli spika huenda zikalia, kwa sababu umerudi kwenye draiva ya zamani, lakini maikrofoni ya ndani, kama ni ya kidijitali, itanyamaza, na utakuja kugundua ukiwa kwenye mahojiano ya kazi mtandaoni. Soma kwanza. Uliza mashine, soma jibu lake, ndipo uguse. Mfumo huu huandika kila kinachousumbua, na hakuna anayekutoza kuusoma.

Na kama bado hujanunua, nenda dukani na flashi yenye Ubuntu au Debian Live. Iwashe laptopu kwa flashi hiyo papo hapo kaunta, bila kusakinisha chochote. Andika `aplay -l`, kisha `speaker-test -c 2 -t wav`, usikie kushoto na kulia. Jirekodi kwa `arecord -d 5 jaribio.wav` na ujisikilize kwa `aplay jaribio.wav`. Chomeka hedifoni, zichomoe, hakikisha spika zinarudi. Muuzaji akikataa flashi yako, mshukuru na uende duka linalofuata. Luthuli na Moi Avenue zina maduka ya kutosha.