Utajuaje ni programu ipi inaita huduma yako? Usitegemee User-Agent

Mkuu, umeuliza kama heda ya User-Agent (mstari ambao programu hutuma pamoja na ombi kujitaja jina) inatosha kukuambia ni programu ipi inaita huduma yako. Haitoshi. Mimi niliitegemea ikaniangusha.

Tulikuwa na programu nne zinazoita huduma moja, zote kwa ufunguo mmoja (msimbo wa siri wa kuingilia). Usiku mmoja hifadhidata ikaelemewa: kuna programu ilikuwa inaomba ripoti nzito, na kabla haijajibiwa inaomba tena. Nikafungua logi, yaani kumbukumbu za maombi. Mstari baada ya mstari, python-requests. Hilo ni jina ambalo maktaba ile ya Python hujaza yenyewe usipoweka lako, na tatu kati ya programu zetu ziliandikwa kwa Python. Anwani ya IP nayo ilikuwa ya proksi (seva ya kati), maana zote zilipitia hapo. Kuufunga ufunguo nisingeweza, ningezima zote nne. Alfajiri ndipo nikaona maombi yanaachana kwa sekunde 30 kamili, nikakumbuka ni moja tu iliyopangiwa kusubiri jibu sekunde 30 kisha ijaribu tena.

User-Agent ni jina ambalo programu inajitajia, na yeyote anaweza kuandika atakalo. Waambie wenzako waijaze vizuri, jina na toleo, kwa sababu inarahisisha mno kutafuta hitilafu. Ila usiitumie kutoa ruhusa.

Tangu siku ile kila programu ina ufunguo wake, na wa majaribio ni tofauti na wa kazini. Kwenye hifadhidata tunatunza heshi ya ufunguo tu (alama inayokokotolewa kutokana nao, isiyoweza kurudishwa kuwa ufunguo). Seva ikishautambua, inaandika kitambulisho cha programu kwenye kila mstari wa logi (kitambulisho, kamwe si ufunguo wenyewe). Kama mnatumia OAuth 2.0 (utaratibu wa kuzipa programu idhini), client_id, yaani kitambulisho cha programu, ndiyo inafanya kazi hiyo. Isome kwenye tokeni (hati ya kidijitali ambayo programu inaonyesha) baada ya kuhakiki saini yake. Kwa seva zinazoongea zenyewe kwa zenyewe juu ya mambo nyeti, dai cheti cha TLS upande wa mteja pia, yaani seva inayoita nayo ithibitishe utambulisho wake kwa cheti.

Kama una programu ya simu, hilo ni suala jingine. Siri ukiiweka ndani ya kitu ambacho watu wanapakua, si siri tena: faili la APK (la kusakinisha programu ya Android) linafunguliwa na yaliyomo yanasomwa. JavaScript ya kwenye kivinjari ndiyo kabisa. PKCE, nyongeza ya OAuth iliyotoka 2015, inazuia aliyeudaka njiani msimbo wa idhini (ule unaobadilishwa kuwa tokeni) asiweze kuutumia. Haithibitishi kwamba anayeita ni programu yako. Huko mthibitishe mtumiaji, na jina la programu lichukulie kama dokezo tu.

Ukishagawa funguo mpya, usiufute wa zamani siku hiyo hiyo. Sisi tuliuacha tukawa tunaangalia kwenye logi nani bado anautumia. Zile nne zilipohama zote, maombi yakaendelea kuja: kulikuwa na programu ya tano ambayo hakuna aliyeikumbuka.