Probiotiki haiondoi sumu kwenye figo, kague mahindi kwanza

Simamisha hiyo oda! Umesema watoto wa nguruwe uliowaachisha kunyonya wanakunywa maji kupita kawaida, wanakojoa sana, hawakui, na vipimo vya damu vimeonyesha urea, taka ya protini inayotolewa na figo, iko juu. Sasa mtu amekushauri uwape probiotiki (bakteria hai wenye faida) na pribiotiki (chakula cha bakteria hao) "zisafishe figo", nawe unauliza ipi bora na kipimo chake.

Maneno hayohayo niliambiwa na muuza dawa mmoja wa mifugo. Nikachanganya kwenye chakula, urea ikashuka, tukashangilia. Kisha nguruwe wangu wakaanza kufa. Daktari wa mifugo alipowapasua akanionyesha figo zilizovimba, zimepauka, juu zimejaa makovu. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyowekwa ghalani hayajakauka, yakaota ukungu. Ukungu wa jamii za Aspergillus na Penicillium hutoa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iitwayo okratoksini A, nayo kwa nguruwe hushambulia figo. Kunywa sana, kukojoa sana na kudumaa ndizo dalili zake. Ugonjwa huo wa figo unaoletwa na nafaka yenye ukungu ulielezwa huko Denmark tangu 1928, lakini yule bwana hakuniuliza hata mara moja nalisha nini! Anauza dawa bila kujua mnyama anakula nini. Hasira hiyo bado ninayo.

Urea ilishukaje basi? Ini huitengeneza kutokana na amonia. Pribiotiki kama inulini, aina ya nyuzinyuzi za mimea, huwapa bakteria wa utumbo mpana kitu cha kuchachusha, nao huchukua naitrojeni kujijenga, kisha ikatoka na kinyesi badala ya mkojo. Amonia ikipungua, urea hupungua na figo hupumzika kidogo. Faida hiyo ni ya kweli. Probiotiki nayo husaidia pale inapozuia kuhara, maana mwili ukikaukiwa maji figo hukosa damu ya kutosha. Ila sumu inayoingia kila siku kupitia kihori itaendelea kutafuna figo huku karatasi ya maabara ikikupa moyo. Urea hushuka hata ukipunguza protini tu kwenye chakula, au mnyama akikosa hamu ya kula. Mwambie daktari apime na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, na mkojo pia.

Usijidanganye kwamba utachambua punje mbovu upike zilizobaki. Sumu hii haiondoki kwa kupika, na hubaki hata pale ukungu usipoonekana kwa macho. Ule udongo wa kufyonza sumu, unaofanya kazi nzuri kwa aflatoksini (sumukuvu nyingine), okratoksini huishika kwa shida.

Badilisha nafaka leo. Ile uliyokuwa ukiwalisha usiitupe yote, chota sampuli sehemu mbalimbali za gunia, siyo juu tu, upeleke maabara wapime okratoksini. Na maji usiwapunguzie hata kama banda linalowa, figo hizo zimeshindwa kuyazuia mwilini.