Usianze kwa kumwambia "mwache"

Nina kibanda cha kushona Nkuhungu, hapa Dodoma, na mabinti wanaokuja kujifunza cherehani wengi wana miaka 16, 17. Mmoja alikuwa anapigiwa video na mpenzi wake kila mara. Anaacha mshono katikati, anageuza kamera. "Nionyeshe cherehani. Nani huyo anayeongea?" Anayeongea ni mimi! Akikata simu anacheka: "Ananipenda yule, ana wivu balaa."

Siku moja akaja na mtandio umebana shingoni, na jua la Oktoba la huku mnalijua. Sikumuuliza habari za kijana. Nilimuuliza, kwao akikosea walikuwa wanamfanyaje. Akasema baba mdogo alikuwa anamchapa kwa waya wa pasi, jioni anamletea soda.

Mimi nimekulia Mpwapwa kwa shangazi, kwa mwiko na matusi. Mwanaume wa kwanza kunizaba kofi kisha akapiga magoti sikumshangaa hata kidogo. Nilishazoea kupigwa na kubembelezwa na mtu yuleyule. Na hatuko wachache: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 uliona karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Si wote wanaoishia kupigwa au kupiga wapenzi wao, ila njia inakuwa imeshasafishwa. Wavulana pia, maana aliyefundishwa kwa fimbo naye hushika fimbo.

Kwa hiyo mama, shangazi, dada mkubwa: ukianza na "mwache huyo", binti atakuficha tu. Ukimtukana kijana, atamtetea. Muulize alivyolelewa, umsikilize bila kumkatiza, na umwambie wazi kwamba waya ule ulikuwa ukatili. Huenda hajawahi kusikia mtu mzima akilitamka.

Akiwa amekabwa shingo, usisubiri. Kukabwa ni dalili ya hatari kubwa hata kama hakuna alama. Mpeleke hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukiumizwa, inatoka hukohuko polisi. Wazee wakisema yamalizwe nyumbani kwa faini, kataa. Afisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya watoto haina malipo. Hiyo namba asiiandike kwenye simu, aikariri. Simu yake inakaguliwa.