Usukani unaokata zaidi upande mmoja baada ya matengenezo: tafuta katikati kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana, kuna lalamiko mtalisikia sana gari likishafungwa raki (chuma chenye meno kinachosogea kulia na kushoto usukani ukizungushwa) au tairodi (fimbo inayounganisha raki na tairi): "Fundi, kulia linakata vizuri, kushoto linagoma." Mwenye Noah atakwambia hivyo kwa sababu kona aliyokuwa anaikata mara moja pale Mwanjelwa, Mbeya, sasa lazima arudi nyuma ndipo aimalize. Jibu jepesi ni "peleka alainimenti", yaani kunyoosha tairi kwa kipimo. Kwa lalamiko hili, jibu hilo mimi silikubali.

Alainimenti inayofanyika sehemu nyingi inalinganisha tairi mbili za mbele, zenyewe kwa zenyewe. Raki iko wapi ndani ya nyumba yake, hilo halipimwi. Tairodi ya kushoto ikiwa fupi na ya kulia ikawa ndefu kwa kiasi kilekile, tairi zitakaa sambamba, kipimo kitakubali, na tairi hazitalika. Usukani ukionekana umekaa upande, mtu anauchomoa, anaurudisha umenyooka, mteja anaondoka anashukuru. Raki bado haiko katikati, na sasa hata ile dalili iliyokuwa inaonekana kwa macho imeondolewa.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha malalamiko, maana wateja huyachanganya. Usukani umekaa upande lakini gari linakata sawa kulia na kushoto: hilo ni moja. Gari linavuta upande ukiachia mikono: hilo ni lingine, na mara nyingi ni upepo wa tairi, breki inayoshika au mteremko wa barabara yenyewe. Usukani ni mzito upande mmoja: hapo angalia pawa (msaada unaolainisha usukani), yaani vali ya raki kama ni ya mafuta, au sensa kama ni ya umeme. La nne ndilo letu: mizunguko ya usukani kutoka tairi zikiwa zimenyooka hailingani kulia na kushoto.

Pandisha mbele, weka stendi za chuma (jeki peke yake usiiamini), fungua loki ya usukani kwa ufunguo. Bandika kipande cha solotepu juu kabisa ya usukani. Zungusha taratibu mpaka mwisho wa kushoto, kisha hesabu hadi mwisho wa kulia. Gari ndogo nyingi zinakuja karibu na mizunguko mitatu. Tuseme umepata mitatu kamili. Rudi mmoja na nusu, simama, shuka ukatazame tairi. Zikiwa zimenyooka, katikati ya raki na katikati ya tairi vinakubaliana. Zikiwa zimegeuka, umeshajua ugonjwa uko upande gani.

Sasa chomoa tairodi endi (vichwa vya tairodi upande wa tairi) zote mbili na uhesabu tena. Hatua hii wengi wanairuka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Mizunguko ikibaki mitatu, raki ndiyo inayoweka mwisho wa safari. Ikiongezeka, kuna kitu kwenye tairi kilikuwa kinazuia: stopa (boliti inayozuia tairi isigeuke kupita kiasi), tairi inayogusa chasisi, au mkono wa nako (kipande kinachobeba tairi na kugeuka nayo) uliopinda. Gari lililowahi kuingia mtaroni lipime hapo kabla hujamlaumu fundi aliyetangulia.

Chukua mfano. Kutoka tairi zikiwa zimenyooka unapata mzunguko mmoja na robo kushoto, mmoja na robo tatu kulia. Raki iko robo mzunguko nje ya katikati. Kwenye raki ambayo mzunguko mmoja wa usukani unaisogeza karibu milimita 48, robo ni milimita 12. Nyuzi za tairodi (mikato ya skrubu) zikiwa na hatua ya milimita 1.5, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, hiyo ni mizunguko minane ya tairodi: upande mmoja unafupisha minane, mwingine unarefusha minane. Ukigusa upande mmoja tu, utakuwa umeharibu usambamba wa tairi ili uokoe katikati. Raki ya gari lako ipime mwenyewe kwa rula, usitumie namba zangu kama amri. Ukishamaliza, ndipo alainimenti, na usukani wenyewe unachomolewa mwisho kabisa kama bado haujanyooka.

Usitegemee kuhesabu nyuzi zinazoonekana peke yake. Raki za mtumba mara nyingi zinakuja na tairodi ya ndani iliyobadilishwa upande mmoja, urefu tofauti, na nyuzi zilizo sawa zitakudanganya. Weka raki katikati, kisha pima kutoka ukingo wa nyumba yake hadi katikati ya bol jointi (kiungo cha duara kwenye tairodi endi), pande zote mbili.

Gari zenye boksi la usukani badala ya raki zina hila yake. Land Cruiser yenye ekseli nzima mbele, au Canter, tairodi ndefu inaunganisha tairi mbili, na fimbo nyingine inatoka kwenye mkono wa boksi. Usambamba unarekebishwa kwenye ile ndefu, katikati kwenye hii ya boksi. Kabla hujaigusa, angalia mkono ulivyokaa kwenye meno ya shafti. Ukiruka jino moja tu, safari za pande mbili hazilingani tena. Na boksi limetengenezwa liwe limebana zaidi pale katikati. Mkono ukikaa vibaya, gari likienda moja kwa moja linatumia sehemu iliyolegea, dereva analalamika usukani una mchezo, fundi anakaza skrubu ya juu ya boksi. Hapo ameunda hatari: usukani ukipita katikati unashika, na baada ya kona haurudi wenyewe. Gari la namna hiyo sitaki kulisikia linashuka Mlima Nyoka na mzigo wa viazi.

Stopa nazo zina historia. Wanaopandisha tairi kubwa kwa ajili ya barabara za Chunya hutoa boliti ya stopa nje ili tairi isisugue, na mara nyingine wanafanya upande mmoja tu. Unapolinganisha, linganisha tairi ya kushoto ikiwa imekatwa kushoto kabisa na ya kulia ikiwa imekatwa kulia kabisa. Usilinganishe tairi mbili kwenye kona moja, kwa sababu tairi ya ndani ya kona hugeuka zaidi ya ile ya nje, ndivyo zilivyoundwa.

Gari lenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), funga usukani kwa mkanda wa kiti kabla hujatoa raki. Usukani ukizunguka bure, ule waya wa mviringo ulio chini yake unapoteza katikati, na siku dereva akikata kona kali unakatika, taa ya eabegi inawaka. Ukitaka kuchomoa usukani, toa waya wa betri. Kwenye Toyota maelekezo ni kusubiri angalau sekunde 90. Kuurudisha ule waya katikati kwenye Toyota nyingi: zungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ugome, kisha rudi kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zilingane.

Jaribio la mwisho sipendi kulifanya mjini. Kiwanja cha udongo wenye unyevu kinatosha: kata kushoto kabisa, zunguka duara zima polepole, kisha kulia, upime duara zilizochorwa na tairi ya nje ya mbele. Zikipishana kidogo, sawa. Unyoofu wa usukani uupime barabara ya tambarare, mfano ukishapita Igurusi kuelekea Chimala. Ukirudi, kata mpaka mwisho pande zote uangalie mpira wa breki haugusi tairi, weka pini mpya za tairodi endi, kaza loknati (nati zinazozuia tairodi isijizungushe), na andika mizunguko ya kulia na kushoto kwenye karatasi ya kazi.