Mzee wa Maabara Anajibu: Mashine moja, pipeti moja, majibu mawili

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya huku Urambo, mwaka wangu wa pili kazini. Tuko wawili. Kila asubuhi, kabla ya kugusa sampuli za wagonjwa, tunapima seramu ya kontroo ya sukari, yaani majimaji ya damu ambayo jibu lake linajulikana tayari. Siku zangu inakaa katikati ya mipaka. Siku za mwenzangu inashuka, mara nyingine inatoka nje kabisa. Mashine ni hiyo hiyo, kitendanishi, ile dawa ya kupimia, ni cha chupa hiyo hiyo, na pipeti ya kuvutia seramu, ile ya kubonyeza kwa kidole gumba, tunayo moja tu. Mkuu wetu anasema mashine imechoka. Mwenzangu anasema ni hali ya hewa. Mimi sitaki kumnyooshea mtu kidole. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaogopa kunyoosha kidole, nami nadhani tatizo lenu ni kidole, kile gumba. Mashine haisomi ratiba ya zamu. Ingekuwa imechoka, ingechoka na siku zako pia.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayotisha. Kipimo cha sukari kwa vitendanishi vingi kinataka mikrolita 10 za seramu ndani ya mililita 1 ya kitendanishi. Mikrolita 10 ni tone la kiasi cha jicho la dagaa. Ikipungua mikrolita 1 tu, umeshakata sehemu moja ya kumi ya jibu. Mgonjwa aliyefunga tangu jana usiku, mwenye sukari ya milimoli 7.2 kwa lita, anaandikiwa 6.5. Mpaka wa kisukari kwa aliyefunga ni 7.0. Anarudi nyumbani kunywa chai yake na vijiko vyake vitatu, na kwenye karatasi ya majibu hakuna alama yoyote ya lile tone lililopungua.

Kesho simama pembeni umtazame mwenzako, kama mtu anayesubiri sinki. Pipeti ina vituo viwili. Ukibonyeza taratibu unafika pazito kwanza. Ukikaza zaidi unafika chini kabisa. Unapovuta, unaanzia kituo cha kwanza. Unapotoa, unashuka hadi kituo cha kwanza, unangoja kidogo, kisha unakaza hadi cha pili ili mabaki yatoke, na tipu, ile ncha ya plastiki ya kubadilisha, unaitoa ikiwa imeegemea ukuta wa mrija, kidole kikiwa bado kimebonyeza. Anayeishia kituo cha kwanza anaacha seramu kwenye ncha kila mara. Anayeanza kuvuta kutoka kituo cha pili anabeba zaidi ya alichoagizwa. Halafu wako wanaoachia kidole ghafla kama walioungua na sufuria. Hao ndio ninaowashuku zaidi hapa, kwa sababu seramu si maji.

Wewe ni mtu wa Tabora, asali unaijua. Ukiinamisha chupa ya maji na chupa ya asali kwa pamoja, maji yanafika kwenye bakuli asali bado inajifikiria. Seramu si nzito kiasi hicho, lakini ina protini, inakwenda taratibu na inapenda kushika plastiki. Ukiachia kidole haraka na kuinua tipu papo hapo, unaondoka nayo kabla haijamaliza kupanda, na nafasi iliyobaki inajazwa na hewa. Hesabu moja, mbili, ndipo uinue. Tipu izame milimita mbili au tatu tu, pipeti ikiwa wima. Tipu mpya ivute na kutema seramu hiyo hiyo mara mbili tatu kabla ya ile unayoitaka. Na kontroo iliyotoka kwenye friji sasa hivi iache ifikie joto la chumba kwanza, kwa sababu pipeti inavuta kwa kusukumana na hewa iliyomo ndani yake, na hewa hiyo inababaishwa na baridi na joto.

Kuna na njia ya kinyume, nzuri kwa vitu vinavyonata: bonyeza hadi kituo cha pili, vuta, kisha toa hadi kituo cha kwanza tu. Kinachobaki ndani ya tipu ni ziada, unakitupa pamoja nayo. Mkikubaliana kuitumia, itumieni wote wawili. Mmoja akienda hivi na mwingine vile, mtaniandikia tena mwezi ujao.

Hali ya hewa anayoisema mwenzako ipo, nisimdhulumu. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo pipeti iliyohakikiwa Dar es Salaam huku inavuta pungufu kidogo. Lakini upungufu huo ungewapata nyote wawili sawasawa.

Sasa msibishane, pimeni. Huhitaji kusubiri fundi. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu ya gramu. Nyingine zimelala kwenye maabara za kemia za sekondari, ukiomba kwa adabu utapewa nusu saa. Weka kikombe kidogo chenye mfuniko na maji kidogo ndani yake, ili uvukizi usikudanganye, kisha sifurisha. Tumia maji yaliyochemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa, yakiwa na joto la chumba. Wewe utie mikrolita 10 mara hamsini, naye atie mara hamsini, kila mtu kwa mkono wake wa kila siku. Mikrolita 500 za maji kwenye nyuzi 25 zinapaswa kusoma karibu gramu 0.498. Ukipata 0.496 naye akapata 0.455, mazungumzo yamekwisha na hakuna aliyenyooshewa kidole. Mkipata nyote 0.455, basi mkuu wenu yuko karibu na ukweli, ila kilichochoka ni pipeti: ifungue kwa maelekezo ya aliyeitengeneza, tazama mpira wa kuzibia na grisi, au ipeleke ikahakikiwe. Na kama mikono yenu ikilingana kwenye maji lakini kontroo bado zinatofautiana, basi tatizo ni ile asali niliyoisema: rudieni kwa seramu, mtazamane vidole. Njia hii ni ya maskini, inakupa wastani tu na haikwambii kama matone yanapishana yenyewe kwa yenyewe, lakini kwa ugomvi wenu inatosha.

Ungeniambia pia pipeti yenu ni ya kiasi gani. Kama ni ile ya 10 hadi 100, mnaitumia pale inapoteleza zaidi. Kiwango cha kimataifa, ISO 8655, kinairuhusu pipeti ya mikrolita 100 ikosee hadi mikrolita 0.8. Kwenye 100 hiyo si kitu. Ikikosea hiyo hiyo ukiwa umeiweka kwenye 10, ni asilimia 8. Ombeni ya 2 hadi 20.

Nisikuchoshe, ila niseme hili. Mimi nilianza kazi tukivuta kwa mdomo. Pipeti ya kioo, kipande cha pamba kimesokotwa juu, unanyonya kama soda huku jicho likiwa kwenye mstari. Mwaka 1986, katika hospitali moja nisiyoitaja, nilikuwa navuta seramu ya mgonjwa ambaye macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mtu akanigonga bega kunisalimia. Ilikuwa na chumvi. Mpaka leo naikumbuka ile chumvi. Nilisukutua kwa spiriti hadi fizi zikababuka, na miezi mitatu iliyofuata kila asubuhi nilianza kwa kuvuta kope mbele ya kioo. Kumbe dawa ya ujinga ule ilikuwa imeshapatikana zamani: mwaka 1957, huko Marburg, Ujerumani, daktari kijana Heinrich Schnitger alichoshwa na kunyonya vimirija, akachukua bomba dogo la sindano, akalitia springi na kizuizi, akaweka ncha ya plastiki ya kubadilisha. Hicho mnachokigombania huko Urambo ni mjukuu wa bomba lile.

SWALI: Mzee, tuna maabara ndogo ya mtu binafsi hapa Tabora mjini. Tipu zinaisha kabla ya mwezi. Tunaweza kuziosha kwa sabuni, tukazichemsha na kuzitumia tena? Na zile zenye chujio ndani?

JIBU: Hapana. Na zile zenye chujio, hapana mara mbili.

Tipu ya njano au ya bluu imetengenezwa ili maji yasiishike. Ukiisugua kwa sabuni unaiachia utando, na siku ya pili tone linabaki ndani badala ya kutoka. Ukiichemsha unaua wadudu, lakini protini ya damu ya jana inabaki imeganda pale pale, na mdomo ukipinda kidogo haishiki tena kwenye pipeti, inavuta hewa. Chujio la ndani ya tipu ni mtoto wa ile pamba ya juu ya pipeti zetu za kioo: linazuia mvuke wa sampuli usipande kwenye mwili wa pipeti ukaenda kuchafua sampuli inayofuata. Ndiyo maana wanaopima vinasaba vya vijidudu hawakubali tipu isiyo nalo. Likishalowa, kazi yake imekwisha.

Punguza kwingine. Maji na bafa, ule mchanganyiko wa kutuliza asidi, hazihitaji tipu mpya kila mara kama ncha haigusi sampuli.

SWALI: Dispensa, ile pampu ya kupimia tuliyofunga juu ya chupa ya bafa, imekwama, kishikio hakishuki.

JIBU: Chumvi imekauka kwenye vali. Usilazimishe, utapasua kioo. Iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu hadi ilegee, isukume mara kadhaa, na kuanzia sasa kila Ijumaa ivute maji safi kabla hujafunga mlango. Asubuhi tema mikupuo ya kwanza mpaka mapovu yaishe ndani, ndipo uanze kuhesabu.

SWALI: Mzee, mimi ni mama wa watoto wanne, tunalima mpunga Igunga. Shuleni kwa mwanangu walikuja watu wa afya, wakampa chupa akojoe. Anasema yule kijana aliuvuta mkojo kwa bomba la sindano, akaupitisha kwenye kidude cha plastiki cha mviringo, halafu mkojo akaumwaga! Kisha akasema mtoto ana kichocho. Sasa alipima nini, ikiwa mkojo wenyewe aliumwaga?

JIBU: Mama, hili ndilo swali zuri kuliko yote ya mwezi huu.

Ukichuja chai, unakunywa kilichopita na kutupa majani. Yule kijana alikuwa anatafuta majani. Ndani ya kile kidude kuna utando mwembamba wenye matundu ya mikromita 12. Mikromita 1,000 ndiyo milimita moja. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu wa mikromita 150 hivi, na mwiba mmoja kwenye ncha yake. Chembe nyekundu za damu hazifiki hata mikromita 8, zinapita pamoja na mkojo. Yai halipiti.

Alitikisa chupa kwanza, maana mayai hutuama chini. Akavuta mililita 10 kamili, si tisa wala kumi na moja, kwa sababu jibu linaandikwa kwa idadi ya mayai ndani ya mililita 10, na yakifika 50 maambukizi yanahesabiwa kuwa mazito. Akasukuma polepole, ukisukuma kwa nguvu utando unachanika na mayai yanakwenda na maji. Kisha akapitisha hewa kidogo kukausha, akaubandua utando kwa kibano, akaulaza juu ya kioo, akadondosha tone la iodini na kuuweka chini ya hadubini. Pale ndipo alipomwona mgonjwa wake. Mkojo uliomwagwa ulikuwa umeshamaliza kusema.

Mpe mwanao dawa waliyoagiza, prazikwanteli, ashibe kwanza, maana ikikuta tumbo tupu inachafua roho. Wale wengine watatu wanaoingia naye mfereji ule ule wa mpunga, wapeleke nao wapimwe. Ila usiwabebee mkojo wa alfajiri. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo wafike kituoni kabla ya chakula cha mchana, wakojolee hapo hapo, na yale matone ya mwisho yaingie kwenye chupa.