Fundi wa gereji "anatengeneza" magari?

SWALI: Kwenye ripoti yangu niliandika "utengenezaji wa magari unachangia pakubwa uchumi wa Tabora". Msimamizi wangu kaikata, eti Tabora hakuna kiwanda cha magari. Mbona gereji zimejaa? Tena, vipuri naweza kuviita "pembejeo", au pembejeo ni mbolea na mbegu tu?
Msomaji, Tabora

JIBU: Kisarufi hujakosea. Fundi anayefunga klachi mpya anatengeneza gari, na kiwanda kinacholitoa likiwa jipya nacho kinatengeneza. Mtaani muktadha unatosha kutofautisha. Shida inaanza kwenye jedwali la pembejeo na uzalishaji, yaani jedwali linaloonyesha kila shughuli ya uchumi inanunua nini kwa nyingine na inazalisha nini, lile lililompatia mchumi Wassily Leontief Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1973, kwa sababu humo kila shughuli ina mstari wake. Katika uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, toleo la 4, uundaji wa magari ni namba 29. Biashara na ukarabati wa magari ni 45. Anayeunda bodi za mabasi au matela yumo 29, hata kama karakana yake ni uani. Kwa hiyo andika "uundaji" au "ukarabati", na "utengenezaji" uwaachie wanaopiga soga.

Pembejeo si za shambani peke yake. Tabora neno hilo linanukia mbolea ya tumbaku, najua, ila maana yake ni chochote kinachotumika kuzalishia kingine. Gereji ikimtoza mteja sh. 150,000, na humo vipuri na oili vimekula 90,000, hiyo 90,000 ni pembejeo, sawa na 0.60 ya kila shilingi inayozalishwa. 60,000 inayobaki ni "ongezeko la thamani". Usiiite "faida", maana ujira wa mafundi bado umo ndani yake.

Kosa kubwa zaidi ni kujumlisha "mauzo". Muuza vipuri akinunua kifaa kwa 70,000 na kukiuza 90,000, uzalishaji wake kwenye jedwali ni 20,000 tu. Ukiandika 90,000, kisha ukaongeza bili nzima ya gereji iliyokifunga, kifaa kilekile umekihesabu mara mbili.

Na ukitaja vipuri "vilivyoagizwa", malizia "kutoka nje ya nchi". Hata duka la mjini Tabora huagiza Dar es Salaam, na pembejeo za ndani hazichanganywi na za nje: fedha ya za nje haizungushi kiwanda chochote cha hapa.