Usimruhusu fundi akate kenchi

Ndugu, umeuliza kama fundi akate mbao za katikati za kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ili tenki la lita 1,000 likae juu ya dari. Tafadhali mzuie. Nguvu ya kenchi iko kwenye pembetatu zake. Uzito wa papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati unazisukuma mbao za mteremko zitanuke na kusukuma kuta nje. Mbao ya chini ndiyo inayozishika zisiachane, na zile fupi za katikati zinazuia zisipinde. Ukikata moja, mzigo unahamia kwenye misumari ya maungio, na paa linaanza kubonyea.

Tena tenki hilo likijaa ni tani nzima ya maji! Lijengee mnara wake nje. Kama ameshakata, egemeza kenchi kwa mirunda leo hii, kisha ita mhandisi.